Akicheka haina maana haumwi: mtoto wa SS na maumivu yake

DIDIER: Karibuni mnaotusikiliza hapa Lubumbashi, na kule Likasi na Kolwezi. Yaya Béa, baridi ya asubuhi hii haina huruma.

BÉA: Haina, mdogo wangu. Sisi wengine tunalalamika tu. Kwenye nyumba yenye mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, baridi ni adui kweli. Tarehe 19 Juni, siku ya dunia ya ugonjwa huu, kwetu inaangukia katikati ya baridi.

DIDIER: Basi leo ni hilo. Mtoto akipata krizi, yale maumivu makali ya SS, wewe muuguzi una nini zaidi ya dawa?

BÉA: "Zaidi ya", umesema vizuri. Si "badala ya". Parasetamoli itolewe, morfini, dawa kali ya maumivu, itolewe ikihitajika. Mtu asije akanieneza kesho kwamba Yaya Béa anaponya krizi kwa nyimbo.

DIDIER: (anacheka) Tumesikia. Anza na joto.

BÉA: Katika SS, chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mfupa uliokosa oksijeni unauma. Baridi nayo inakaza mishipa. Kwa hiyo ile barafu anayowekewa mcheza mpira akiteguka mguu, hapa usiiguse. Chukua chupa ya maji ya uvuguvugu, uizungushie kikwembe, uijaribu kwanza kwenye mkono wako. Mtoto anywe maji, avae soksi. Soksi! Namwona mtoto amevalishwa koti zuri la kanisani, miguu iko wazi.

DIDIER: Na kukanda? Bibi yangu hukanda mpaka mtoto alie.

BÉA: Polepole, kwa kiganja kizima, tena pale mtoto anapokubali. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango: ujumbe wa mguso ukipita, ule wa maumivu unapunguzwa kabla haujafika kwenye ubongo. Ndiyo maana ukigonga kiwiko unakishika papo hapo, hakuna aliyekufundisha. Nguvu za bibi haziongezi kitu.

DIDIER: Nitamwambia ni wewe uliyesema. Haya, sindano.

BÉA: Hofu yake tunaipika wenyewe nyumbani. "Ukilia, namwita muganga akupige sindano!" Siku ya krizi tunashangaa mtoto anamkimbia muganga. Na huyu wa SS atarudi hospitali mara nyingi; sindano ya leo ataikumbuka hata mwaka ujao.

DIDIER: Kwa hiyo mnamwambia haitauma?

BÉA: Hapana! Ikimuuma, hatakuamini tena. Mwambie, "Itachoma kidogo, haichukui muda, nitakuhesabia." Wala asilazwe chali watu wanne wakimkandamiza. Akae mapajani mwa mama, kifua kwa kifua, amkumbatie. Mimi naachiwa mkono mmoja tu. Anayeweza apulize mapovu ya sabuni kwa mrija. Povu kubwa halitoki ukipuliza haraka, kwa hiyo anatoa pumzi ndefu bila kujua, na pumzi hiyo inatuliza mapigo ya moyo.

DIDIER: Kijana wa miaka 15 naye apulize mapovu?

BÉA: Atakutukana kwa macho. Huyo mwachie uamuzi: mkono upi, atazame au asitazame, muziki au kimya. Hofu ikimshika usiku, ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kugusa, vitatu anavyosikia. Akili inarudi chumbani. Na funga mlango kabla ya kumuuliza habari za mwili wake. Wavulana wa SS huweza kusimamisha uume kwa maumivu, uume ukakataa kulala, na wanaficha kwa aibu. Hali hiyo ikidumu kwa muda wa masaa manne ni dharura, na bora afike hospitali kabla.

DIDIER: Kuna jambo linanikera. Kijana anacheza kwenye simu, anacheka, mtu anapita anasema, "Huyu haumwi, anataka morfini tu."

BÉA: Hilo linaniudhi kuliko yote. Anacheza kwa sababu anaumwa! Akili haiwezi kushika mambo mawili kwa uzito mmoja. Ukiipa mchezo, maumivu yanapungua sauti. Lakini yapo. Mzimie simu uone. Tena mtoto aliyekulia kwenye krizi amejifunza kulala kimya, hata kusinzia, huku maumivu yake ni 8 kwa 10. Usimkisie, muulize. Mdogo mwonyeshe zile sura sita za Wong na Baker, kutoka inayotabasamu, 0, hadi inayolia, 10, achague mwenyewe. Iandikwe, kisha baada ya dawa aulizwe tena. Sisi tunaandika joto la mwili asubuhi na jioni, maumivu tunayapita. Kwa nini?

DIDIER: Na nyumbani, ni lini tuache chupa ya maji tukimbie?

BÉA: Homa ya 38.5 au zaidi. Kifua kuuma, kupumua kwa shida. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kwenda kando. Kupauka ghafla na tumbo kuvimba upande wa kushoto. Usisubiri kukuche.

DIDIER: Na mtoto asiyetaka kuguswa, hataki wimbo, hataki mapovu?

BÉA: Basi hataki. Ondoa mikono, mfunike blanketi, kaa hapo karibu, na uangalie saa ya dawa inayofuata.