Kikomo Kinaanzia Ufuoni: Maji Taka ya Hoteli Ndogo za Mombasa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naona wenye hoteli, mafundi wa mitambo, wavuvi wetu, na wanafunzi waliosimama kule nyuma. Sogeeni mbele, viti vipo.

Mwezi uliopita alinipigia simu meneja wa hoteli moja ndogo ya ufuoni, upande huu wa kaskazini. Ina vyumba 60. Mtambo wake wa kusafisha maji taka umechakaa na anataka kujenga mwingine. Akaniambia, "Inginia, mimi sitaki maneno mengi. Nipe namba nimpe kontrakta, zege tunamwaga wiki ijayo." Namba aliyoitaka ni kikomo, yaani maji yanayotoka mwisho wa bomba yaruhusiwe kubeba uchafu kiasi gani. Nilimwomba anivumilie siku tatu. Leo nataka kuwaeleza siku hizo tatu nilikuwa natafuta nini.

Namba za kuanzia zipo, hazikufichwa. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ziliandika kwamba maji taka yanayoachiliwa kwenye mazingira yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita, chembe zinazoelea miligramu 30, COD miligramu 50, na E. koli, bakteria wa kinyesi, sifuri. BOD, kwa wasioizoea, ni oksijeni ambayo bakteria wanaitumia wanapokula uchafu uliomo ndani ya maji, ikipimwa kwa siku tano gizani kwenye joto la nyuzi 20. COD ni uchafu wote unaoweza kuunguzwa kwa kemikali, pamoja na ule ambao bakteria hawauwezi. Wengi hukimbilia BOD wakaisahau COD, kumbe hiyo ndiyo inayobana. Maji ya hoteli yaliyosafishwa mpaka BOD ikashuka hadi 25 mara nyingi bado yana COD ya 70 au 80. Kontrakta anayekuahidi "thelathini kwa thelathini" amekuahidi nusu ya kazi.

Lakini hizo ni namba za nchi nzima. Na ukizifuatilia zilikotoka, utakuta zilizaliwa na sharti. Mwaka 1912 tume ya Uingereza iliyochunguza maji taka ilipendekeza chembe 30 na BOD 20, mradi mto unaoyapokea uwe na maji safi mara 8 au zaidi ya yale yanayomwagwa. Namba zilisafiri dunia nzima, sharti likabaki nyuma. Sasa mimi nawauliza: mto wetu hapa Bamburi, Shanzu na Nyali ni upi? Maji safi mara 8 yako wapi?

Meneja alinijibu kama wanavyojibu wengi: "Sisi hatumwagi baharini. Tuna shimo la kunywea maji, ardhi inayanywa humo, na mengine tunamwagilia bustani." Nimelisikia jibu hili miaka yangu yote ya kazi, na wanaolisema hawasemi uongo. Bomba kweli haliingii baharini. Ila tazameni tumejenga juu ya nini. Ardhi ya ufuo huu ni mwamba wa matumbawe ya kale, jiwe lile lile tunalokata kujengea nyumba. Lishike mkononi, lina matundu kama sifongo. Sehemu kubwa ya upande huu haina bomba kuu la maji taka, kwa hiyo kila nyumba na kila hoteli ina shimo lake ndani ya sifongo hiyo.

Hotelini kwingine, miaka kadhaa nyuma, tulimwaga rangi ya kijani kwenye shimo la kunywea, ile inayotumiwa kufuatia njia ya maji. Shimo lilikuwa kama hatua 60 kutoka ukuta wa ufuoni. Ilikuwa siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Siku ya kwanza hatukuona kitu, na ya pili vivyo hivyo. Asubuhi ya tatu, maji yamekupwa kabisa, nilishuka na fundi tukitembea chini ya ukuta. Kulikuwa na mahali mchanga unatoka maji taratibu, kijichemchemi cha upana wa sahani. Fundi alichimba kwa mkono mpaka kifundoni, kishimo kikajaa, na maji yalikuwa kijani kama majani ya mpapai. Hatua kumi kutoka hapo watoto wawili walikuwa wanatafuta kaa. Tangu siku ile, mtu akiniambia hamwagi baharini, namwuliza amepima wapi.

Kwa hiyo kikomo nakianzia ufuoni, narudi nyuma kwa hesabu mpaka kwenye bomba. Na nachagua saa mbaya kuliko zote, siyo wastani wa mwaka. Wavuvi mnaijua saa hiyo kuliko mimi. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 3 au zaidi, na yakikupwa yanaacha madimbwi kati ya mchanga na mwamba. Humo ndimo watalii na watoto wetu wanamochezea, kwa sababu hamna mawimbi. Wakati wa maji mafu shida ni nyingine: maji hayabadilishwi sana, yanazunguka mle mle ndani ya mwamba. Anayepima wakati maji yamejaa na mkondo unakimbia kuelekea mlango wa mwamba, huyo amejipimia bahari ya Hindi.

Tuifanye hesabu pamoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2003 wa maji ya kuogelea, linatumia bakteria waitwao enterokoki, kwa sababu katika maji ya chumvi wanaishi muda mrefu kuliko E. koli. Daraja safi kabisa ni enterokoki wasiozidi 40 katika mililita 100, kwa sampuli 95 katika kila 100. Sasa chukua lile dimbwi mbele ya kijichemchemi. Tuseme maji ya hoteli yanachanganyika na ya bahari mara 10 tu kabla hayajamfikia mtoto. Arobaini mara kumi ni 400. Lakini dimbwi halikuwa tupu, lina uchafu wa majirani tayari, na hoteli moja haina haki ya kula nafasi yote. Ninaigawa nusu. Tunapata 200. Mtambo wenye hatua ya kupuliza hewa tu, bila kuua vijidudu, hutoa maji yenye maelfu kwa makumi ya maelfu. Basi kabla hata ya kuchora, tumeshajua kwamba hoteli hii lazima iwe na hatua ya kuua vijidudu.

Na hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanasikia "E. koli sifuri", wanamwaga klorini kwa ndoo. Klorini inaua kila kitu, haichagui. Marekani, kwa maji ya bahari, wameweka mpaka wa mikrogramu 13 kwa lita kwa muda mfupi na 7.5 kwa muda mrefu. Kile kifaa cha kupimia bwawa la kuogelea, cha matone na rangi, kwa kawaida hakioni chini ya miligramu 0.1, yaani mikrogramu 100. Fundi anatazama, rangi haibadiliki, anasema klorini imekwisha. Kumbe inaweza kuwa imezidi mara saba na yeye hana jicho la kuiona. Sheria inabaki sheria, na ilipo kali kuliko hesabu yangu, hiyo ndiyo inayofuatwa. Ila nataka kando ya hiyo sifuri paandikwe kikomo cha klorini pia, na dawa ya kuiondoa iwekwe kabla ya bomba la mwisho. Mimi nilimshauri meneja atumie taa za urujuanimno, zinazoua vijidudu kwa mwanga, maana hazibakizi kitu. Lakini taa hizo zinataka maji yasiyo na vumbi la tope, na umeme usiokatika. Kwa hiyo kikomo cha chembe zinazoelea nikakishusha mpaka 15, ili mwanga upite.

Nimekaa sana kwenye vijidudu kwa sababu vinamgusa mtoto leo. Kinachoumiza mwamba ni kitu kingine, naitrojeni. Hiyo haionekani, hainuki, na mtambo wa kawaida hupitisha sehemu kubwa yake. Hoteli hii ikijaa ina wageni 120 na wafanyakazi 80, na inatoa kama mita za ujazo 40 za maji taka kwa siku. Ndani yake mna naitrojeni ya karibu kilo 2. Kilo 2 kwa siku ni kiasi gani? Mkulima wa Kilifi ataelewa upesi: mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni ya kilo 23. Ni sawa na kupasua mfuko mmoja wa yurea ndani ya dimbwi kila baada ya siku 11 au 12, mwaka mzima, hoteli moja tu. Mwani unanenepa, unayafunika matumbawe, na matumbawe hayawezi kushindana na kitu kinachokua kwa wiki. Haya ni maji ya hifadhi, jamani. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986.

Naitrojeni hiyo ikitoka ikiwa bado amonia, ina sumu juu yake. Katika maji yenye pH, kipimo cha asidi, ya 7 sehemu ya sumu haifiki hata moja katika mia. Katika bahari yetu, pH zaidi ya 8 na joto la nyuzi 28, inaweza kufika sita au saba katika mia. Amonia ile ile, samaki wale wale, lakini hapa ni kali mara kadhaa. Jedwali lililotungwa kwa mito ya baridi halikuambii hilo.

Nikamwandikia kikomo cha naitrojeni kwa njia mbili: miligramu 10 kwa lita, na pia kilo 0.4 kwa siku. Akauliza kwa nini mara mbili. Kwa sababu nimeshaona bomba la maji ya kisima limeunganishwa kimyakimya karibu na mahali pa kuchukulia sampuli. Miligramu zinashuka vizuri sana, karatasi inapendeza, na bahari inapokea kilo zile zile. Kilo haziongopi kwa kuongezewa maji.

Kuhusu bustani, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 ulitaja nyasi za hoteli kwa jina: bakteria wa kinyesi wasizidi 200 katika mililita 100, kwa sababu watu hulala juu yake. Nyasi zetu hunywa kama milimita 5 kwa siku, kwa hiyo mita za ujazo 40 zinataka ekari 2. Yeye ana robo tatu ya ekari na minazi. Na mvua za masika zikishuka, mwezi wa tano, nyasi hazinywi kitu. Hivyo bustani inasaidia, haiondoi wajibu. Mwenye nafasi ajifunze pia kutoka Shimo la Tewa, kule kando ya hori ya Mtwapa, ambako gereza lilijengewa ardhioevu ya matete ya kusafisha maji taka. Ardhioevu haitaki umeme mwingi. Inataka eneo na mtu wa kuitunza.

Sasa mafundi, neno langu ni kwenu. Kikomo kinavunjwa mwezi wa Disemba, na kinavunjwa kwa vitu vidogo. Jikoni wanakaanga, shimo la kunasa mafuta halijazolewa wiki tatu, mafuta yanaingia na kufunika tope, yaani bakteria wanaokula uchafu ndani ya tangi. Udobini wanafua mashuka 100 na kumwaga maji ya dawa ya kung'arishia kwa mkupuo mmoja, bakteria wanakufa, na mtambo unachukua wiki mbili au zaidi kurudi. Nilimtaka meneja ajenge tangi la kusawazisha, ili maji ya asubuhi, wageni wote wakioga saa moja, yasiusombe mtambo.

Na nilimtaka anunue kitu cha bei ndogo: silinda ya kioo ya lita moja. Kila asubuhi fundi achote maji kutoka kwenye tangi la hewa, aweke mezani, ahesabu dakika 30. Tope likiwa zima ni kahawia kama kakao, linashikamana, linashuka taratibu na kuacha maji angavu juu, na ukinusa ni harufu ya udongo baada ya mvua. Likiwa jeusi na linanuka yai bovu, hewa haitoshi. Likikataa kushuka, kesho litakuwa baharini. Maabara itakupa BOD baada ya siku tano, na chupa ikichelewa kuwekwa kwenye barafu hata hiyo namba si kweli. Silinda inakwambia kabla ya chai.

Hizo ndizo siku zangu tatu. Nilimtumia meneja ukurasa mmoja: BOD 20 kwa wastani wa mwezi na isizidi 30 siku yoyote, COD 50, chembe 15, amonia 2, naitrojeni kwa miligramu na kwa kilo, enterokoki 200, E. koli kama sheria ilivyoandika, klorini isiyozidi mikrogramu 10 ipimwe maabara. Chini yake nikaandika mahali pa kupimia pawili: mwisho wa bomba, na chini ya ukuta wa ufuoni maji yakiwa yamekupwa, siku za bamvua na siku za maji mafu. Alinipigia usiku ule akalalamika gharama, na hana makosa, ni pesa nyingi. Zege ameahirisha mwezi mmoja. Jumamosi hii bamvua inaanza, na nimeomba ruhusa yake tushuke pamoja kuchukua sampuli za kwanza kabla mtambo mpya haujajengwa, tujue dimbwi lilikuwaje. Mwenye nafasi aje, avae viatu vya kukanyagia mwamba.