Ni Sentensi Ipi Iliyokufukuzisha Kazi?

Mhadhara kwa wafanyakazi wa hoteli na maduka, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Mlioko nyuma mnanipata? Basi hilo pangaboi lizimwe, joto tutalivumilia. Lina sauti kuliko mimi.

Nimeombwa nizungumzie mtu kufukuzwa kazi kwa sababu ya maneno. Sio wizi, sio utoro. Maneno. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi miaka mingi kabla sijastaafu, na nawaambieni kesi za wizi zilikuwa nyepesi. Stoo inahesabiwa, mzigo upo au haupo. Neno likishatoka mdomoni, kila aliyelisikia ana lake.

Nianze na dada mmoja wa mapokezi. Hoteli siitaji, na yeye simtaji. Usiku mmoja, amechoka, yuko kwenye daladala anarudi Mbagala, akatuma voisi kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi. Haikufika dakika. Mwanzo alisema: "Jamani, mwezi wa pili huu saa za ziada hatujaona kitu, sisi sio punda." Angeishia hapo! Akaendelea: "Na kwa meneja huyu mnategemea nini? Kabila lile wote ndio walivyo."

Kesho yake saa tatu asubuhi akaitwa ofisini. Meneja mwenyewe kakaa kichwani mwa meza, afisa utumishi pembeni. Simu ikawekwa katikati, voisi ikachezwa kwa sauti kubwa, mpaka mlio wa konda ulisikika. "Hii ni sauti yako?" Akajibu ndiyo. Saa nne barua ikawa tayari: kuachishwa kazi kwa kutumia lugha isiyo na staha dhidi ya menejimenti. Akaambiwa arudishe sare. Viatu navyo vilikuwa vya hoteli, kwa hiyo alitoka getini na kandambili alizokuwa akizivaa akienda kuoga zamu ikiisha, mlinzi akimsindikiza.

Alipokuja kwangu neno lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, kwani Katiba si inaniruhusu kusema?" Inaruhusu, ibara ya 18. Lakini mimi nikamuuliza: wamekufukuza kwa sentensi ipi? Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Hakuwa amewahi kuiona voisi yake kama ina sentensi mbili. Na mwajiri naye hakuona hivyo, ndiyo maana barua yake ilikuwa na mstari mmoja tu.

Hebu tuzitenganishe. Sentensi ya kwanza inahusu saa za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Hilo ni deni. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinasema kutumia haki uliyopewa na sheria si sababu ya haki ya kukuachisha kazi. Kwa hiyo mtu anayesema "sijalipwa", na kweli hajalipwa, ana pa kusimama, hata kama amesema kwa ukali. Kuhusu punda, mimi sijaona kosa. Punda ndiye angelalamika.

Sentensi ya pili ni habari nyingine. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, na kabila limetajwa kwa jina. Unyanyasaji wa mtu kwa misingi hiyo nao unahesabiwa kuwa ubaguzi. Wengi tunadhani kifungu hiki kinamfunga mwajiri peke yake. Lakini mwajiri akiacha watu wake watukanane makabila, yeye ndiye atakayeulizwa, kwa hiyo ana haki, tena ana wajibu, wa kuchukua hatua. Dada alikuwa amekosa. Nilimwambia usoni, hakupenda.

Kisa kama hiki kimewahi kutikisa Marekani. Agosti 2017 mhandisi wa Google, James Damore, alifukuzwa baada ya kusambaza waraka ndani ya kampuni. Alikosoa sera za kampuni za kuongeza wanawake, akadai pia kwamba tofauti za kimaumbile huenda ndizo sehemu ya sababu ya wanawake kuwa wachache kwenye kazi za teknolojia. Akalalamika kwenye bodi ya serikali inayoshughulikia mahusiano ya kazi. Mwanasheria wa bodi akaukatakata waraka ule kama ninavyofanya mimi hapa. Akaandika, Januari 2018, kwamba hata kama sehemu yake inalindwa na sheria, maneno yale ya maumbile ya wanawake yalikuwa ya kibaguzi na hayalindwi, na kwamba kampuni ilimfukuza kwa hayo tu. Mnaona? Kampuni ilichagua sentensi yake mapema. Mwajiri wa huyu dada hakuchagua kitu.

Ila tusikopi kila kitu cha huko. Marekani, ukiacha jimbo la Montana, kawaida mwajiri wa kampuni binafsi anaweza kukuachisha bila kutoa sababu yoyote, mradi isiwe sababu iliyokatazwa na sheria au na mkataba. Zile filamu mtu anaambiwa umefukuzwa, anabeba boksi lake na kamaua kadogo, hazihusu Mikocheni wala Kariakoo. Hapa kwetu, ukishatimiza miezi sita kazini, mwajiri lazima awe na sababu halali, na afuate utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha yote ni wake. Chini ya miezi sita kinga hiyo haikufuniki, kwa hiyo vijana mlioajiriwa juzi, ulimi uwekeni akiba.

Utaratibu wenyewe umeandikwa kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007. Mwajiri achunguze kwanza. Akupe tuhuma kwa lugha unayoielewa. Akupe muda wa kujiandaa, usiopungua saa 48, na ruhusa ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na lile tukio. Sasa rudini kwenye meza yetu. Saa 48 zilikuwa saa moja. Na mwenyekiti wa kikao ndiye aliyetukanwa! Mtu anasikiliza tusi lake mwenyewe likichezwa kwenye spika, halafu anaulizwa adhabu gani inafaa. Hata malaika angechemka.

Mwajiri akisema "lakini alikiri", haimsaidii. Kanuni hizo zinamtaka apime pia rekodi ya mtu, muda aliotumikia, mazingira ya tukio, na kama onyo la maandishi lisingetosha. Makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kwa mara ya kwanza yametajwa: udanganyifu mkubwa, kuharibu mali makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine, uzembe uliokithiri, kumshambulia mtu, na ukaidi uliopindukia. Mabishano yetu mengi yako kwenye hilo la mwisho. Kumwambia bosi "hili si sawa" si ukaidi. Kumwambia "sifanyi, nione utanifanya nini" mbele ya wateja, wakati agizo ni halali, hapo umeshavuka.

Kuna mtego niliouona mara nyingi, nataka niukalie kidogo. Baada ya maneno, anakuja mtu mwenye sauti laini kutoka utumishi. Anasema, "Mdogo wangu, faili lako lisichafuke. Andika barua ya kuacha kazi mwenyewe, sisi tutakupa cheti kizuri." Na kalamu anakupa. Ndugu zangu, kalamu hiyo muiogope. Ukishaandika kwamba umeacha kwa hiari, wewe sasa ndiye utakayethibitisha kwamba ulisukumwa. Inawezekana, sheria inatambua mtu aliyelazimika kuacha kwa sababu mwajiri amemfanya kazi isivumilike, lakini ni mlima. Sema, "Naomba niende nyumbani nikafikiri." Hakuna sheria inayokulazimisha kuandika leo. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako hata ukifukuzwa, si zawadi.

Yule dada tulimpeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Kwenye usuluhishi, mwajiri alipoulizwa lile swali langu, sentensi ipi, wakili wake aliomba dakika kumi watoke nje. Waliporudi wakawa na kiasi cha kumlipa. Hakurudi kazini, hakutaka. Lakini kabla hatujasaini alimfuata meneja koridoni akamwambia, "Lile la kabila nilikosea. La saa za ziada sijakosea." Meneja akaitikia kwa kichwa, hakusema kitu.

Kuhusu malipo, msibebe namba za vijiweni. Sheria ilipotungwa mwaka 2004 iliweka fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12, lakini Mahakama ya Rufani ilishasema fidia inaweza kupungua pale kosa la mwajiri likiwa kwenye utaratibu tu, sababu ikiwa halali. Ndiyo maana mtu aliyetukana kweli asitegemee kulipwa sawa na aliyesingiziwa.

Maswali. Ndiyo, kijana wa fulana ya bluu. Simama, tunakusikia.

Anasema alimwambia msimamizi wake "wewe ni muongo" mbele ya wenzake, kisa posho ya usiku, akaachishwa siku ileile, na hajaenda popote kwa sababu shemeji yake anaongea na bosi wayamalize kifamilia.

Mwanangu, shemeji aendelee kuongea. Lakini kesi ya kuachishwa kazi ina siku 30 za kuifikisha kwenye Tume. Siku zikipita utaanza kuomba kuongezewa muda, na lazima ueleze kila siku uliyochelewa. Mazungumzo ya shemeji kwa kawaida hayakubaliwi kama sababu. Barua yako ya tarehe ngapi?

Tarehe 9 mwezi uliopita. Mwezi uliopita ulikuwa na siku 31. Leo ni tarehe 6. Hesabu na mimi: kuanzia tarehe 10 mpaka 31 ni siku 22. Zimebaki nane. Jumatatu, tarehe 8, ndiyo siku yako ya mwisho.

Barua unayo hapo? Njoo nayo mbele. Nani ana kalamu?