Kamera ya Simu na Pesa Iliyo Nyuma Yake

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie kamera za simu, lakini nitaanza na pesa. Usipojua kampuni inakula wapi, hutaelewa kwa nini kamera yake iko vile ilivyo.

Chukueni Google. Sehemu kubwa ya mapato yao inatoka kwenye matangazo, wala si kwenye kuuza simu, na watu wao wamebobea kwenye programu. Ndiyo maana simu zao za Pixel zilidumu miaka kadhaa na kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga) cha megapikseli 12 tu, yaani pikseli, au nukta za picha, milioni 12, kazi ngumu ikaachiwa programu. Novemba 2018 wakatoa Night Sight, ya kupigia picha gizani. Ukibonyeza, simu haipigi picha moja. Inaweza kupiga hata 15, kila moja kwa muda mfupi ili mkono ukitikisika isiharibike. Kisha inazipanga moja juu ya nyingine na kutafuta wastani. Zile chenga za gizani, vidoa vya ovyo kwenye picha, hazitulii, kila picha zinatokea mahali pengine, kwa hiyo zinamezana. Uso wa mtu na ukuta nyuma yake vinabaki palepale. Ukiunganisha picha 9, chenga zinapungua hadi kama theluthi moja. Hii ni hesabu, na hesabu ikishaandikwa, kuiweka kwenye simu nyingine hakuhitaji kununua kipuri. Night Sight ilifika hata kwenye Pixel ya kwanza, ya 2016. Mei 2019 ikaja Pixel 3a kwa dola 399, nusu ya bei ambayo Pixel 3 ilianza nayo, na picha za usiku inapiga vilevile.

Apple wanakula kwenye simu yenyewe. Wakiweka kila kitu kwenye ya bei ndogo, ile ya bei kubwa watamuuzia nani? Mwaka 2020 walitoa iPhone SE ya dola 399, yenye chipu (ubongo wa simu) ya A13, ileile ya iPhone 11. Picha za kufifisha mandhari ya nyuma ikapewa. Za usiku, ikanyimwa. Mtetezi atasema kamera yake ilikuwa ya kizamani, na hoja hiyo ina uzito kiasi. Lakini tayari kulikuwa na programu za watu wengine zinazopiga picha za usiku kwenye iPhone za nyuma zaidi, na SE ya 2022, yenye chipu ya A15, nayo ikaja mikono mitupu. Mimi hapo naona uamuzi wa bei, siuoni wa kiufundi.

Samsung wanatengeneza vihisi na kuwauzia hata washindani, kwa hiyo namba kubwa kwao ni bidhaa. Galaxy S23 Ultra ina megapikseli 200, ila ukiiacha kama ilivyotoka, inaunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 na kitu. Sibezi, gizani inasaidia. Lakini kwenye bango hutaona 12.

Sasa msije mkadhani Google ni malaika. Oktoba 2023 walitoa Pixel 8 kwa dola 699 na Pixel 8 Pro kwa dola 999, zote na chipu ya Tensor G3. Lenzi ya kuvuta mbali iliyo kwenye Pro ni kifaa cha kushikika, kina gharama, siwalaumu. Lakini kujipangia mwenyewe kasi ya shata (muda wa kamera kupokea mwanga) na ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga), nako wakakuweka kwenye Pro peke yake! Halafu kuna Video Boost, ya kung'arisha video. Hiyo haifanyiki hata ndani ya simu: video inatumwa kwenye seva za Google, inachakatwa huko, inarudi. Mwenye Pixel 8 ya kawaida haruhusiwi kuituma.

Karibuni kwa maswali.