Ndizi nyekundu imezaa kwa mama Kibosho, na leo tunaionja

Shimbonyi ndugu zangu, na shikamooni wakubwa zangu mnaonitazama. Leo siko Hamburg. Niko Kibosho kwa mama, nimepanda Moshi kula Krismasi kama Wachagga wenzangu wote, na mgomba niliowaahidi ndio huu. Tazameni shina lake. Wekundu unaanzia chini, unapanda mpaka kwenye uti wa jani. Na mkungu wenyewe huu hapa, tumeukata juzijuzi: rangi ya damu ya mzee, vidole vifupi, vinene, vimeshiba.

Chipukizi lake lilitoka Mto wa Mbu. Ukiwa unaelekea Ngorongoro, pale chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, akina mama wamezipanga kando ya barabara na watalii wanashuka kwenye magari kuzionja. Sisi wenyeji tunapita. Kila ninayemuuliza Moshi mjini ananijibu, "Nilishaionja, ngumu, haina ladha." Jamani, mliila mbichi! Hiyo ndiyo sababu ya video hii. Ndizi hii inaonewa kwa sababu watu hawaisubiri.

Kisukari hakina shida, kikigeuka njano unakula. Hii haina njano ya kukuashiria. Ikiiva ule wekundu mzito unafifia, unakuja rangi ya tofali, na madoa meusi yanaanza. Kwa hiyo usiangalie rangi peke yake, bonyeza. Sogeza kamera hapa, dada. Mnaona? Huku karibu na kikonyo kidole gumba kinazama kidogo. Hii iko tayari. Sasa hii nyingine ya chane hiyohiyo, bado inagoma. Hii ukiimenya leo utaenda kuisema vibaya.

Mama aliuvundika mkungu kwa majani makavu ya mgomba. Huku mlimani kuna ubaridi, kwa hiyo zimechelewa kuliko kisukari zilizokatwa siku hiyohiyo. Na tafadhali, msiweke ndizi ambayo haijaiva kwenye friji. Chini ya nyuzi joto 13 hivi inaumia, ganda linakuwa jeusi na ndani haiivi sawasawa. Hata meli zinazopeleka ndizi Ulaya kutoka Ekuador na Kolombia zinazisafirisha mbichi kwenye nyuzi 13 au 14, halafu zinaivishwa kulekule kwa gesi ya ethilini.

Haya, namenya. Ganda ni nene, linatoka kirahisi. Nyama ni krimu inayoelekea rangi ya chungwa. Rangi hiyo inatokana na karotini, na hii inayo nyingi kuliko zile ndizi za njano za madukani. Mmh. Ni nzito mdomoni, laini, tamu bila ule uchachu wa kisukari, na harufu yake inabaki puani ukishameza. Mimi naipenda sana. Mama, onja na wewe. Anasema, "Tamu, lakini mtori haitoi." Kweli mama, kwenye mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, haiufikii mchare, ndizi yetu ya kupika.

Niwaambie kitu kimoja kinachonigusa. Kule Hamburg ninazoziona dukani, wiki hadi wiki, ni Cavendish tu, aina moja. Hapa kwenye kihamba cha mama, yaani shamba la nyumbani, katikati ya kahawa, nina mchare, ndizi ng'ombe za mbege, ile pombe yetu, kisukari, mkono wa tembo, na sasa nyekundu. Msione ni kawaida.

Kwa anayetaka kupanda: shimo la futi tatu, samadi iliyooza vizuri, maji ya uhakika; sisi tunanyweshea kwa mfongo, mfereji wetu wa asili. Na uwe na subira, maana inachelewa kuliko mchare. Sisi tuliipanda Krismasi ya mwaka juzi, na mkungu wa kwanza ndio huu. Huku juu kuna baridi kuliko Mto wa Mbu, nako kunachangia.

Halafu angalieni hili chipukizi. Mama yake mwekundu, lenyewe limetoka kijani kibichi! Muuzaji hakututapeli. Wekundu huu ulitokana na badiliko ndani ya mgomba wenyewe, na mara nyingine chipukizi linarudi kwenye ukijani. Litazaa ndizi za namna hii hii, ila ganda litakuwa kijani na likiiva litakuwa njano. Ukitaka nyekundu, chagua chipukizi lenye vikonyo vya majani vyekundu. Na usichukue chipukizi kwenye shamba lenye mnyauko wa Panama, hata ukipewa bure. Ugonjwa ule ukishaingia kwenye udongo, utakaa na wewe miaka mingi.

Mlioipanda Rombo, Machame au kule Meru, niandikieni hapo chini: mko juu kiasi gani, na kwenu ilichukua miezi mingapi mpaka kutoa mkungu? Nataka nilinganishe na huu wa mama kabla sijampa jirani chipukizi linalofuata, maana shamba lake liko juu zaidi yetu.