Idi ya Erbil, 2004: waliouawa wakipokea wageni

Ndugu zangu asalaam aleikum, na wengine wote habari zenu, asanteni kwa kuja. Leo naongelea siku moja tu, 1 Februari 2004, Idi kubwa, mjini Erbil, kwa Wakurdi wa Iraki, watu wa kaskazini mwa nchi hiyo wasio Waarabu.

Idi mnaijua ilivyo. Mkishatoka kuswali mnaanza kuzungukia watu kupeana mikono, na mkubwa wa mji siku hiyo hafungi mlango, yeyote anaingia, Idi mubaraka, anakaribishwa. Wakurdi ni hivyo hivyo. Vyama vyao vikubwa, KDP ya kina Barzani na PUK ya kina Talabani, kila kimoja kilikuwa kinapokea wageni ofisini kwake, viongozi wamejipanga mstari. Watu hawakusachiwa sawasawa, maana utampapasaje mgeni anayekuja kukupa mkono wa Idi? Basi akaingia mmoja huku na mwingine kule, mabomu wameyafunga mwilini, wakajilipua karibu wakati mmoja. Walikufa zaidi ya watu 100.

Alikufa Sami Abdul Rahman, naibu waziri mkuu wa serikali ya Kurdistan, yaani eneo la Wakurdi huko Iraki, na mwanawe. Alikufa pia Akram Mintik, gavana wa Erbil, na huyu ndiye nataka mumfikirie zaidi, kwa sababu kiongozi wa mkoa ndiye anayelaumiwa maji yakikatika, ndiye anayefuatwa na mwenye kesi ya kiwanja, yaani bila watu kumfikia hana kazi. Muuaji alilijua hilo vizuri sana. Hakuhitaji kuvunja ukuta, alisubiri zamu yake kwenye foleni kama wenzake.

Sasa kuna watu wanasema ah, hayo ni ya Waarabu na Wakurdi tu. Mimi nakataa kabisa. Waliojitangaza kuhusika ni Ansar al-Sunna, kundi la wapiganaji wenye msimamo mkali, na mzizi wake ni Ansar al-Islam, kundi lililoanzishwa 2001 na Wakurdi wenyewe milimani karibu na Halabja, mji wa Wakurdi, likafurushwa huko Machi 2003 na peshmerga, yaani wapiganaji wa Kikurdi, wa PUK wakisaidiwa na Wamarekani. Halabja hiyo hiyo ambayo Saddam Hussein, mtawala wa Iraki wakati huo, aliipiga kwa gesi ya sumu 1988 wakafa maelfu! Kwa hiyo kati ya walioshika bunduki kwenye lile kundi kulikuwa na watoto wa nyumba moja na waliouawa, kibla kimoja, Idi moja, na hapo ndipo panaponiuma mimi kama Mwislamu.

KDP na PUK walipigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1994 hadi 1998, lakini msiba huu uliwakuta wote, wakazika wote.

Na haukuwa wa mwisho. Mei 2005, Erbil hapo hapo, aliyejilipua aliwafuata vijana waliopanga foleni kuomba kazi ya upolisi, wakafa kama 60. Hao hata uongozi hawakuwa nao, walikuwa wanatafuta mshahara. Haya, mwenye swali anyooshe mkono.