Kufufua Linux Isiyowaka kwa Kutumia CD

Mtazamaji, kompyuta unayoiona hapa inapata umeme vizuri, lakini badala ya kufungua Linux inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maneno "grub rescue>". Usikimbilie kusakinisha upya. Mara nyingi mafaili yangali salama, na kilichoharibika ni GRUB, programu inayouamsha mfumo.

Ingiza CD ya Ubuntu au Debian inayoweza kujiendesha bila kusakinishwa, uwashe kompyuta upya, kisha uichague kwenye menyu ya kuwashia, ambayo kwa mashine nyingi hufunguliwa kwa F12 au Esc.

Eneo-kazi likishafunguka, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike `sudo lsblk -f`, inayoorodhesha diski na sehemu zake. Tazama safu ya FSTYPE (aina ya mfumo wa mafaili) kwa utulivu, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea: sda1, yaani sehemu ya kwanza ya diski sda, ina ext4, aina inayotumiwa na Linux, nayo ndiyo yenye mfumo wetu; sda2 ni swap, nafasi ya kusaidia kumbukumbu ya RAM, tuiache. Kwako majina yanaweza kuwa tofauti. Kabla ya kuipachika sda1 (kuiunganisha na folda ili mafaili yake yafikike), ikague kwa `sudo fsck /dev/sda1`, kwani kuirekebisha ikiwa tayari imepachikwa kunaweza kuiharibu zaidi.

Sasa andika `sudo mount /dev/sda1 /mnt`, halafu `sudo mount --rbind /dev /mnt/dev`, na urudie amri hiyo ya pili ukiweka /proc, kisha /sys, mahali pa /dev pote pawili. Ukiandika `sudo chroot /mnt`, kuanzia hapo kila amri inafanya kazi ndani ya mfumo ulio kwenye diski, si ule wa CD.

Andika `grub-install /dev/sda`, bila namba mwishoni, kwa sababu GRUB inawekwa mwanzoni mwa diski nzima. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika sda1 nikapoteza jioni nzima. Subiri ujumbe "Installation finished. No error reported.", kisha andika `update-grub`. Kwa mashine ya UEFI (mfumo wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS), CD nayo iwashwe kwa UEFI, ile sehemu ya diski yenye vfat kwenye FSTYPE ipachikwe kwenye /mnt/boot/efi kabla ya chroot, na `grub-install` iandikwe bila jina la diski.

Toka kwa `exit`, andika `sudo reboot`, uondoe CD. Menyu ikitokea lakini mfumo ukakwama kwenye "emergency mode", fungua /etc/fstab, faili linaloorodhesha sehemu za kupachikwa mfumo unapowaka, ulinganishe UUID (namba za utambulisho wa sehemu) zilizomo na zile zinazoonyeshwa na `lsblk -f`.