Kipindi cha 41: Mtamba Kwenye Mizani

HADIJA: Tumerudi. Wandera leo ana sura ya mtu aliyetoka kuzika, basi tumuulize kabisa marehemu ni nani.

WANDERA: Cheka tu. Jumanne nilipeleka ile leptopu yangu kwa fundi, Katwe, hapa Kampala.

HADIJA: Ile isiyo na herufi E?

WANDERA: E ipo, kilichong'oka ni kifuniko chake. Nikamwambia fundi inawaka, inafanya kazi, ila inakataa mfumo mpya wa kuiendesha. Akaigeuza, akaiangalia tumboni, akasema, "Ssebo, mfumo mpya unataka chipu ya usalama ambayo hii haina. Na ule wa zamani wenyewe wameacha kuuhudumia." Nikauliza, sasa? Akavuta mizani, Hadija. Ile ya ndoano, ya kupimia samaki. Kilo 2 na robo. Akanihesabia shilingi 15,000.

HADIJA: Banange. Mzee wako, baba, amejua?

WANDERA: Ndiyo maana sikulala. Unajua mpaka leo akipiga simu hasemi kompyuta. Anasema, "Mtamba hajambo?" Tangu 2011 alipouza mtamba wake, ng'ombe jike, ili mimi ninunue mashine ya chuo, ni mtamba tu. Sasa jioni nikampigia, nikamweleza yote, mpaka ile ndoano. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Ngozi wamekurudishia?"

HADIJA: (anacheka) Ngoja... ngoja. Mzee kauliza swali la maana kuliko la fundi wako. Diski kuu, ile inayotunza mafaili, uliitoa?

WANDERA: Nilifuta kila kitu.

HADIJA: Kufuta! Wandera, ukifuta faili, kompyuta kwa kawaida inakata jina kwenye orodha tu, inaandika hapa pana nafasi. Yaliyomo yamelala palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mtu mwenye programu ya bure anayafufua asubuhi moja. Umeuza nyama na ngozi pamoja.

WANDERA: Tufanye kipindi. Tuliahidi mambo matatu: chipu, kompyuta za kwanta, akili mnemba na lugha zetu.

HADIJA: Haya, chipu. Mwaka 1965 Gordon Moore aliona idadi ya transista, vile viswichi vidogo sana, kwenye chipu inaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha: kila miaka miwili. Na ikaenda hivyo kweli. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi. M1 ya Apple, mwaka 2020, bilioni 16.

WANDERA: Simama hapo. Mtamba aliuzwa 2011.

HADIJA: Usianze.

WANDERA: 2013 wawili. 2015 wanne. 2017 wanane...

HADIJA: Wandera.

WANDERA: 2025, ng'ombe 128! Mzee angekuwa na ng'ombe 128, na mimi nina 15,000, tena nimeshatoa ya boda.

HADIJA: Nani alikwambia ng'ombe anamjua Moore? Nusu ya ndama ni madume. Mtamba mpaka azae mara ya kwanza ni karibu miaka mitatu. Weka ugonjwa wa midomo na kwato, weka karantini, weka ada za wadogo zako. Na hata chipu zenyewe zilichoka. Katikati ya miaka ya 2000 kasi ya chipu moja ilikwama kwa sababu ya joto. Wakaona badala ya kumchapa ng'ombe mmoja akimbie, wafunge wanne kwenye jembe moja. Ndiyo hizo kompyuta za viini vinne, viini vinane.

WANDERA: Kwa hiyo unakubali ni ng'ombe.

HADIJA: Sikubali chochote.

WANDERA: Jirani aliyemnunua ana tisa sasa. Niliwahesabu Krismasi. Mmoja ana uso uleule, ananiangalia kama ananidai.

HADIJA: Tisa, si 128. Na mtamba wako wa chuma umekupa shahada, umekupa kazi, umetuhaririia vipindi vyote hivi. Amekamuliwa miaka kumi na zaidi, akafa. Mzike.

WANDERA: Hapo ndipo sikubaliani nawe. Hakufa. Ameuawa. Mashine inawaka! Mtu aliye mbali kaamua tu kwamba haimtoshi. Mwaka 2022 dunia ilitoa taka za elektroniki tani milioni 62, na wewe unaniambia nizike.

HADIJA: Mfumo usiohudumiwa ni nyumba isiyo na mlango. Unataka kuweka nywila zako humo?

WANDERA: Ningeweka Linux, ule mfumo wa bure.

HADIJA: Miaka mitatu unasema utaweka Linux. Mimi naona hata kumiliki mashine kubwa kunaisha. Kazi nzito itafanywa kwenye maghala ya kompyuta huko mbali, sisi tutabaki na kioo mkononi. Pesa zako za simu ziko ndani ya simu? Haziko. Ziko kwenye kompyuta za watu, na unalala usingizi.

WANDERA: Januari 2021, wakati wa uchaguzi hapa Uganda, intaneti ilizimwa siku kadhaa. Maghala yako yalikufaa nini?

HADIJA: Na umeme ukikatika, mtamba wako alikufaa nini?

WANDERA: Ana betri.

HADIJA: Ya dakika kumi na moja!

WANDERA: Dakika kumi na moja zangu mwenyewe. Tazama watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, waliifundisha simu kutambua ugonjwa wa muhogo kwa picha ya jani. Mkulima yuko shambani na kifaa chake. Huo ndio wakati ujao ninaoutaka mimi, akili ikae kwa mwenye shamba.

HADIJA: Na hiyo akili ilifunzwa kwa kompyuta zenye nguvu kuliko simu ya mkulima. Hakuna shamba lisilo na ghala.

WANDERA: Ghala liwe kijijini basi.

HADIJA: Nani atalipia umeme wake?

WANDERA: Hilo ni swali lingine.

HADIJA: Ndilo swali lenyewe, ndugu yangu. Sikuachii.

WANDERA: Nami siondoki.

(kimya, kitu kinalia)

HADIJA: Hiyo ni Yaka, mita ya umeme?

WANDERA: Yuniti zimebaki... sifuri nukta nne.

HADIJA: Na kwanta hatujaigusa. Wala Kiganda kwenye Google Translate tangu 2022, nilikuwa na mifano mizuri kweli.

WANDERA: Wiki ijayo. Una pesa kwenye simu tununue yuniti?

HADIJA: Wewe ndiye mwenye 15,000. Kesho asubuhi rudi Katwe uikomboe ile diski kuu.

WANDERA: Ikiwa ameshaipasua je?

HADIJA: Mle ndani kulikuwa na nini?

WANDERA: Picha za harusi yako.

HADIJA: Zipi? Wandera, zi